Kujua mawe ya sayari kwa kusoma mwanga wa nyota yake

Kila baada ya muda habari ya "sayari ya almasi" huzunguka upya katika vikundi vya WhatsApp hapa Lubumbashi, mji wa madini wa Katanga, Kongo, mara nyingi ikiambatana na picha ya mpira unaometameta ambayo si picha bali ni mchoro wa msanii. Katika mji ambao karibu kila ukoo una mtu anayekula kwa jasho la madini, awe kiwandani, machimboni au kwenye magari yanayoelekea mpakani Kasumbalesa, habari ya namna hiyo haipiti bila mjadala. Wako wanaokadiria thamani yake kwa dola, wako wanaosema ni hadithi za kuwachezea watu akili, na wako wanaouliza swali ambalo kwa maoni yangu ndilo lenye uzito: ikiwa hakuna aliyefika huko wala jiwe lililoletwa kutoka huko, anayesema kuwa sayari ile ni ya almasi, au ya chuma, au ya mawe kama yetu, amejuaje?

Sehemu kubwa ya tunayoyasema kuhusu tumbo la sayari za mbali hatukuipata kwenye sayari zenyewe, kwa kuwa nyingi kati yake hazijawahi kuonekana hata kama nukta. Tumeipata kwenye nyota zinazozungukwa na sayari hizo. Nyota na sayari zake hutoka katika wingu moja la gesi na vumbi, na kwa hiyo anayejua nyota imeundwa kwa nini anayo orodha ya malighafi zilizotumika kuijenga sayari. Orodha ya malighafi, hata hivyo, si jengo lililokamilika. Wataalamu bado wanabishana kuhusu umbali uliopo kati ya hivyo viwili, na habari za mitandaoni kwa kawaida huuruka umbali huo kana kwamba haupo.

Tuyaweke maneno machache sawa kwanza. Nyota ni mpira mkubwa wa gesi yenye joto kali unaotoa mwanga wake wenyewe, na Jua ni nyota mojawapo. Sayari haitoi mwanga wake, bali huizunguka nyota. Sayari za nje ni zile zinazozunguka nyota nyingine zisizo Jua letu. Ya kwanza kugunduliwa ikizunguka nyota inayofanana na Jua ilitangazwa mwaka 1995 na Michel Mayor na Didier Queloz wa Geneva, kazi iliyowapatia Tuzo ya Nobel mwaka 2019, na kwa hesabu za NASA idadi ya zilizothibitishwa ilivuka 6,000 mwaka 2025. Nyingi kati yake zimefunikwa na gesi nene. Sayari za miamba ni zile ambazo, kama Utaridi, Zuhura, Dunia na Mirihi, uzito wake karibu wote ni mawe na chuma. Elementi ni kitu ambacho kemia haiwezi kukigawa zaidi: chuma, oksijeni, shaba, hidrojeni. Nyongeza moja ndogo: wanaastronomia huita "metali" kila elementi iliyo nzito kuliko heli (gesi ya pili kwa wepesi baada ya hidrojeni), hata oksijeni na kaboni, kwa hiyo nyota "yenye metali nyingi" si lazima iwe imejaa shaba na kobalti.

Nyota husomwa kwa mwanga wake. Mwanga wa Jua ukipitishwa katika kioo cha pembe tatu hutawanyika na kuwa rangi za upinde wa mvua, na mwaka 1814 Joseph Fraunhofer, fundi wa vioo wa Bavaria, alipoukuza upinde huo aliona umekatwakatwa na mamia ya mistari myeusi myembamba. Zaidi ya miaka arobaini ilipita kabla ya Gustav Kirchhoff na Robert Bunsen, huko Heidelberg, kutambua maana yake: kila elementi, ikiwa gesi yenye joto, humeza rangi zake maalumu, wala haichukui za mwenzake. Sodiamu huacha mistari miwili iliyokaribiana sana ndani ya rangi ya manjano, na ni manjano hiyohiyo inayowaka chumvi ya jikoni inapomwagikia motoni. Chuma huacha mistari maelfu, iliyosambaa katika upinde mzima. Ukipima jinsi kila mstari ulivyo mweusi na mpana, na ukijua joto la nyota, unaweza kukokotoa kiasi cha elementi iliyouacha.

Hesabu hiyo haikuwa rahisi kukubalika. Mwaka 1925 Cecilia Payne, akiandika tasnifu yake Harvard, alionyesha kwamba nyota ni hidrojeni na heli karibu tupu. Henry Norris Russell, aliyekuwa bingwa wa fani hiyo Marekani, alimshawishi aandike kwamba matokeo hayo huenda hayakuwa ya kweli, na miaka minne baadaye Russell mwenyewe akayathibitisha. Leo tunasema kwamba karibu robo tatu ya uzito wa Jua ni hidrojeni, sehemu karibu yote iliyosalia ni heli, na vitu vingine vyote kwa pamoja havizidi sana asilimia moja na nusu.

Hapa msomaji makini atasimama. Dunia ni chuma takriban asilimia 32, oksijeni 30, silikoni 15 na magnesiamu 14. Vipi basi tunasema kwamba Jua na Dunia vimetoka katika wingu moja, ilhali orodha zao hazifanani hata kidogo?

Jibu limo katika jiwe lililoanguka si mbali sana nasi. Tarehe 16 Desemba 1938, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, kimondo kilianguka Ivuna, kusini-magharibi mwa Tanzania. Vipande vilivyookotwa havikufika hata kilo moja. Ni jiwe jeusi, laini, linalomomonyoka kwa urahisi, na mtu asiyejua angelipita akidhani ni bonge la makaa. Lakini kundi zima la vimondo adimu kuliko karibu vyote, linaloandikwa CI katika vitabu vya wataalamu, limepewa herufi ya pili kutokana na Ivuna. Sababu ya umaarufu huo ni kwamba ukiondoa gesi nyepesi, yaani hidrojeni, heli na vitu vichache vinavyoruka kwa urahisi, uwiano wa elementi zilizobaki katika jiwe hilo unalingana na uwiano wake ndani ya Jua kwa namna ya kushangaza. Kwa kila atomi 100 za silikoni, jiwe hilo lina atomi takriban 105 za magnesiamu na 85 za chuma, na mistari myeusi ya Jua inatoa hesabu ileile, tofauti ikiwa ni asilimia chache tu. Chombo cha Kijapani Hayabusa2 kilipoleta mchanga wa asteroidi Ryugu, yaani mwamba mdogo unaozunguka Jua, mwaka 2020, maabara zilikuta mchanga huo ni ndugu wa jiwe la Ivuna.

Kwa hiyo tusilinganishe wingi bali uwiano. Hidrojeni na heli haziwezi kuwa jiwe, basi sayari ndogo huzikosa karibu zote, na hilo halituambii lolote la ajabu. Swali lenye maana ni hili: katika vile vitu vinavyoweza kuwa jiwe au metali, je, sayari ilichukua kwa kipimo kilekile kilichomo ndani ya nyota?

Kuna sababu nzuri ya kudhani kwamba ilichukua hivyo. Nyota changa huzungukwa na sahani pana ya gesi na vumbi, yenye joto kali karibu na nyota na baridi pembezoni. Gesi hiyo inapopoa, kila elementi huganda katika joto lake. Kalisiamu na alumini huganda mapema sana. Maji huganda baadaye sana, mbali na nyota. Lakini chuma, magnesiamu na silikoni, vitu vitatu ambavyo pamoja na oksijeni ndivyo karibu sayari yote ya miamba, huganda katika joto linalokaribiana sana, la kiasi cha nyuzi elfu moja na kidogo za Selsiasi. Vinaganda pamoja, vinasafiri pamoja, na kwa hiyo ni vigumu kwa sayari kupata kimoja na kukosa kingine. Dunia inathibitisha jambo hilo, kwani uwiano wake wa chuma na magnesiamu uko karibu sana na ule wa Jua.

Hatua inayofuata anaielewa bila shida yeyote aliyewahi kuona kazi ya kuyeyusha shaba. Mawe yenye madini yakiwekwa katika tanuru na kuyeyuka, uji wake hautulii ukiwa mmoja. Metali nzito huzama chini, na silika, yaani silikoni iliyoshikana na oksijeni, pamoja na vitu vyepesi huelea juu, hutolewa kwa mlango wake na kumwagwa nje. Kilima cheusi kilicho karibu na bomba refu la moshi la Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, ambacho wakaaji wa mji huu hukiita teril, ni mamilioni ya tani za mabaki hayo ya juu. Ukiokota kipande chake utaona ni cheusi, kina mng'ao wa kioo pale kilipovunjika, na ingawa si metali kimebeba chuma kingi ndani yake, chuma ambacho kilishikwa na oksijeni kikashindwa kuzama. Dunia ilipokuwa changa iliyeyuka kwa namna hiyohiyo. Sehemu kubwa ya chuma ilizama katikati ikawa kiini, ambacho leo ni karibu theluthi moja ya uzito wa Dunia nzima, na mawe ya silika yakabaki juu yake, unene wa kilomita 2,900. Sisi tunatembea juu ya utando mwembamba wa mabaki ya tanuru.

Kipande kile cheusi kinafundisha pia jambo ambalo makala nyingi huliacha. Nyota hutuambia jumla ya chuma. Haituambii ni kiasi gani kilizama na ni kiasi gani kilibaki juu kimeshikwa na oksijeni. Mirihi, kwa mfano, ina chuma kingi zaidi katika mawe yake ya juu kuliko Dunia, ndiyo maana vumbi lake ni jekundu, na kiini chake ni takriban robo tu ya uzito wake. Anayekuambia ukubwa wa kiini cha sayari ya mbali kwa kutazama nyota peke yake anafanya makisio mawili na kukupa jibu kama kwamba ni moja.

Sasa tugeukie sayari yenyewe, maana ulinganisho unahitaji pande mbili. Katika sayari ya mbali tunaweza kupima mambo mawili tu kwa uhakika wa kuridhisha. La kwanza ni upana wake: inapopita mbele ya nyota hupunguza mwanga kidogo, na kipimo cha upungufu huo hutoa kipimo cha sayari. Upungufu wenyewe ni mdogo mno. Dunia ikipita mbele ya Jua huziba chini ya sehemu moja kati ya elfu kumi za mwanga. La pili ni uzito: sayari huivuta nyota yake, nyota ikayumba, na kuyumba huko husogeza ile mistari myeusi kidogo huku na huku. Dunia huliyumbisha Jua kwa mwendo wa sentimita 9 kwa sekunde, kiasi ambacho vyombo vya leo bado havijakifikia kwa uhakika. Ndiyo sababu sayari za miamba tunazozijua vizuri zaidi karibu zote ziko jirani mno na nyota zao, zikizunguka kwa saa au siku chache, pale ambapo dalili zote mbili ni kubwa.

Ukishapata uzito na upana, unapata msongamano, yaani uzito wa kila sentimita moja ya ujazo. Dunia ina gramu 5.5, Mirihi 3.9, Mwezi 3.3. Chuma ni kizito kuliko mawe, basi msongamano mkubwa unaashiria chuma kingi. Lazima tu kukumbuka kwamba sayari kubwa hujibana kwa uzito wake yenyewe, hivyo ikawa nzito kwa kila sentimita hata kama mapishi yake ni yaleyale. Wataalamu huliondoa jambo hilo kwa hesabu kabla ya kulinganisha.

Tatizo gumu zaidi ni kwamba namba moja ya msongamano inaweza kutokana na mchanganyiko zaidi ya mmoja. Mfano maarufu ni TRAPPIST-1, nyota ndogo na hafifu iliyo umbali wa miaka ya nuru 40 hivi (mwaka wa nuru ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka mmoja), ambayo timu ya Michaël Gillon wa Chuo Kikuu cha Liège, Ubelgiji, ilitangaza mwaka 2017 kuwa ina sayari saba zenye ukubwa unaokaribia ule wa Dunia. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 2021 vilionyesha kwamba zote saba ni nyepesi kwa takriban asilimia 8 kuliko zingekuwa kama zingeumbwa kwa mapishi ya Dunia. Huenda zina chuma pungufu. Huenda chuma kipo lakini chote kimeshikwa na oksijeni, kwa hiyo hakuna kiini. Huenda baadhi zina maji mengi. Msongamano peke yake hauchagui kati ya majibu hayo matatu, na hapo ndipo nyota inapoitwa kutoa ushahidi: ikiwa tunakubali kwamba uwiano wa chuma na magnesiamu wa sayari ni ule wa nyota yake, baadhi ya majibu yanafungiwa mlango.

Lakini je, tunaruhusiwa kukubali hivyo? Kwa miaka mingi wataalamu walilichukua jambo hilo kama dhana ya kufanyia kazi tu. Mwaka 2021 Vardan Adibekyan wa Porto, Ureno, na wenzake walichapisha katika jarida la Science ulinganisho wa sayari 22 za miamba zilizopimwa vizuri na nyota zake. Walikuta uhusiano upo kweli: nyota ambazo orodha yake inatabiri chuma kingi zina sayari nzito zaidi. Hata hivyo uhusiano huo haukuwa wa moja kwa moja. Sayari kwa wastani zilionekana kuwa na chuma kingi kuliko nyota zilivyotabiri, na tofauti ndogo kati ya nyota ilionekana kuzaa tofauti kubwa kati ya sayari, kana kwamba kuna kitu njiani kinachokikuza kiasi cha chuma.

Wengine hawakukubali kwa haraka. Watafiti walioongozwa na Casey Brinkman wa Chuo Kikuu cha Hawaii walirudia kazi hiyo mwaka 2024 kwa vipimo vilivyoboreshwa, wakaonyesha kwamba nguvu ya uhusiano huo inategemea sana njia ya hesabu inayotumika, na kwamba ushahidi wa kuwapo kundi zima la sayari za chuma ni dhaifu kuliko ilivyodhaniwa. Mimi naona ubishi huu ni wa afya. Sayari ishirini na kitu ni chache, na kosa la asilimia 3 katika upana linakuwa kosa la asilimia 9 katika ujazo, jambo linalotosha kuigeuza sayari ya kawaida kuwa ya chuma kwenye karatasi. Darubini ya PLATO ya Shirika la Anga la Ulaya, yenye kamera 26 na iliyopangwa kurushwa kuelekea mwanzoni mwa 2027, imekusudiwa kupunguza makosa ya namna hiyo kwa nyota zinazong'aa vya kutosha.

Wakati hayo yakisubiriwa, iko mifano ambayo haimtii mtu yeyote, na wa kwanza uko hapa kwetu. Utaridi, iliyo karibu zaidi na Jua, ni chuma kwa takriban asilimia 70 ya uzito wake. Imetoka katika wingu lilelile lililotoa Dunia na Mirihi, na Jua halina dalili yoyote ya kutabiri jambo hilo. Maelezo yanayotajwa mara nyingi ni kwamba kitu kikubwa kiliigonga zamani kikaivua tabaka la mawe na kuacha kiini, ingawa wapo wanaosema kwamba chembe za chuma zilikusanyika kwa wingi zaidi karibu na Jua kabla sayari haijaundwa. Huko mbali, K2-229 b, iliyotangazwa mwaka 2018, inazunguka nyota yake kwa saa 14 na ina uzito wa Dunia mbili na nusu hivi katika upana unaoizidi Dunia kidogo tu, hali inayohitaji chuma kingi kuliko kile ambacho nyota yake ingetabiri. Mfano unaoniridhisha zaidi ni nyota Kepler-107: sayari zake mbili za ndani zina upana karibu sawa, lakini ile ya pili ina uzito wa zaidi ya mara mbili ya ile ya kwanza. Nyota ni moja, malighafi ni moja, na bado matokeo ni mawili. Waliozipima walipendekeza kwamba mgongano mkubwa uliivua mawe ile nzito.

Nyota nazo hazina orodha moja ulimwenguni kote. Magnesiamu na oksijeni hutengenezwa kwa wingi na nyota kubwa zinazolipuka mapema, ilhali sehemu kubwa ya chuma hutoka katika milipuko ya aina nyingine inayochelewa. Nyota zilizozaliwa zamani sana kwa hiyo zilipata magnesiamu kabla ya chuma kuwa kingi. TOI-561, nyota yenye umri wa takriban miaka bilioni 10, ni mojawapo, na sayari yake ya ndani ni nyepesi kuliko inavyotarajiwa kwa mawe na chuma vya kawaida, jambo linalokwenda na utabiri wa chuma pungufu japokuwa haliuthibitishi peke yake.

Sasa ile almasi. Sayari inayozungumzwa ni 55 Cancri e, iliyo umbali wa miaka ya nuru 41, yenye uzito wa takriban Dunia 8 na inayozunguka nyota yake kwa chini ya saa 18. Vipimo vya mwanzo vya nyota hiyo vilionyesha kaboni nyingi kuliko oksijeni, na hilo lingekuwa jambo kubwa. Kaboni na oksijeni hushikana kwanza; ikibaki oksijeni, hutengeneza mawe ya silika kama yetu, na ikibaki kaboni, hutengeneza grafiti, ile kaboni nyeusi ya kalamu ya risasi, na vitu vya jamii yake, ambavyo vikibanwa ndani ya sayari vinaweza kuwa almasi. Kwa msingi huo mwaka 2012 ilipendekezwa kwamba sehemu kubwa ya tumbo la sayari hiyo huenda ni kaboni. Mwaka uliofuata nyota ilipimwa upya, na kaboni ikaonekana kuwa takriban atomi 8 kwa kila 10 za oksijeni. Oksijeni ndiyo inayobaki. Almasi ikaanguka pamoja na kipimo cha kwanza, lakini kichwa cha habari kilikuwa kimekwisha kusafiri, na hakuna anayesambaza habari ya sayari iliyogeuka kuwa ya mawe ya kawaida. Mwaka 2024 darubini ya James Webb ilionyesha dalili za hewa juu ya sayari hiyo, hewa ambayo huenda inatoka katika bahari ya mawe yaliyoyeyuka.

Ipo njia moja ya kuona tumbo la sayari bila kukisia, ingawa sayari yenyewe lazima ife kwanza. Nyota kama Jua, ikimaliza uhai wake, hubaki kuwa kibete cheupe, kitu kidogo chenye mvuto mkali kiasi kwamba elementi zote nzito huzama haraka na uso wake kubaki hidrojeni au heli safi. Hata hivyo vibete vyeupe vingi vinaonyesha mistari ya chuma, magnesiamu, silikoni na oksijeni. Hilo lina maana moja: mawe yameanguka juu yake hivi karibuni, yakiwa ni vipande vya sayari au asteroidi zilizovunjika. Mistari hiyo ikisomwa, mara nyingi mapishi yanayopatikana hayako mbali na yale ya Dunia na vimondo, na hata kiasi cha chuma kilichoshikwa na oksijeni huweza kukadiriwa.

Linabaki kosa ambalo kwetu Katanga ni rahisi kulifanya kuliko kwingineko: kudhani kwamba nyota yenye metali nyingi lazima ina sayari zenye migodi mizuri. Turudi kwenye jiwe la Ivuna. Kwa kila atomi milioni moja za silikoni, kuna kobalti zaidi ya 2,000, lakini shaba haifiki 600. Kwa kipimo cha Jua, basi, kobalti ni nyingi kuliko shaba zaidi ya mara tatu. Mchimbaji yeyote wa Kolwezi au Likasi anajua kwamba mambo chini ya miguu yake yako kinyume, na kwamba shaba ndiyo iliyo nyingi. Kobalti hupenda kufuatana na chuma, na sehemu yake kubwa ilizama pamoja nacho kiinini, mahali ambapo hakuna koleo litakalofika. Shaba pia ilipungua. Katika mawe ya kawaida ya juu ya Dunia ilibaki makumi ya gramu tu kwa kila tani.

Kutoka makumi ya gramu hadi kilo 30 au zaidi kwa tani, kama ilivyo katika mashapo mengi ya Katanga, kulihitajika mambo ambayo hayamo katika mwanga wa nyota yoyote. Ilihitajika bonde pana lililojaa mchanga na matope katika kipindi kilichoanza chini ya miaka milioni 900 iliyopita. Yalihitajika maji ya chumvi yaliyopita katika tabaka hizo yakiokota shaba kidogo kidogo, tabaka nyingine zenye kaboni na salfa za kuisimamisha, na hata oksijeni ya hewani, iliyotengenezwa na viumbe hai, ili shaba iweze kuyeyuka na kusafiri. Baadaye milima ikajikunja na kuyaleta mashapo juu, na mvua ikayageuza sehemu kuwa malakiti ya kijani. Sayari mbili zilizozaliwa na nyota moja, zenye shaba sawa kabisa kwa uzito, zinaweza kuachana hapo: moja ikawa na Kolwezi yake, na nyingine ikabaki na shaba yote iliyotawanyika gramu chache chache katika kila tani ya mwamba, ambapo mchimbaji hangeona hata doa la kijani.